Kabla Hujamkabidhi Dalali Funguo za Nyumba

Wengi wanaonitafuta wameshagombana na dalali. Wanakuja na swali moja: "Huyu mtu ana haki ya kunidai?" Nami nawauliza: "Mkataba uko wapi?" Baadhi hawana kabisa, walikubaliana kwa mdomo. Wenye nao wameusoma mara moja tu, siku ya kusaini, dalali akiwa amekaa mbele yao na kalamu mkononi.

Nimefanya udalali miaka 11 kabla ya kuanza kuwashauri wauzaji, kwa hiyo siandiki haya kwa chuki. Dalali mzuri anastahili malipo yake. Anawajua wanunuzi, anachuja wenye nia na wanaokuja kuangalia tu, na anaweza kusikia mtu akiponda sebule uliyolelea watoto wako bila kupandwa na hasira. Lakini ni lazima ujue kipato chake kinapatikanaje, kwa sababu ushauri wake unaegemea hapo hapo.

Tufanye hesabu. Kamisheni ni asilimia 3, na nyumba yako inastahili 100. Ikiuzwa 95, wewe umepoteza 5. Dalali amepoteza 0.15. Azunguke na wateja mwezi mzima zaidi kwa ajili ya hiyo 0.15? Hailipi. Ndiyo maana ofa ya kwanza ikija chini unaambiwa soko limelala, chukua kabla mteja hajakimbia. Wala si lazima awe anakudanganya. Mara nyingi anaamini anachosema, maana kwake kuuza leo ni bora kweli. Wachumi wawili, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha mwaka 2008 utafiti wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika vitongoji vya Chicago. Walilinganisha nyumba za wateja na zile ambazo madalali waliziuza kama wamiliki. Nyumba za madalali zilikaa sokoni takriban siku 9.5 zaidi, na ziliuzwa kwa bei iliyozidi kwa kama asilimia 3.7. Yaani ikiwa nyumba ni yake, dalali anajua kusubiri.

Kwa hiyo bei ya mwisho unayoweza kukubali, kaa nayo moyoni. Ukimtajia dalali, hiyo ndiyo itakayokuwa bei ya kuanzia mazungumzo. Mwambie unachotaka, na umwambie kila ofa ikufikie kwa maandishi siku hiyo hiyo, hata ile anayoona haifai. Kukataa ofa ni kazi yako.

Hapa niseme kuhusu cha juu, maana nakereka nayo sana. Muuzaji anasema, "Mimi nipe kiasi hiki mkononi, kinachozidi ni chako." Anajiona amekwepa kulipa kamisheni. Kilichotokea ni kwamba dalali sasa ana sababu ya kukufanya utaje kiasi kidogo, na ana sababu ya kukuficha mnunuzi. Nimeona mnunuzi na muuzaji wakikutana kwa wakili, kila mmoja ana bei yake kichwani, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko kamisheni yoyote niliyowahi kuisikia. Biashara ilivunjika pale pale mezani. Kubali asilimia, iandikwe, na bei halisi iwe wazi kwa pande zote.

Kuna na mtego wa bei tamu. Unaita madalali watatu, wawili wanataja bei zinazokaribiana, wa tatu anataja kubwa sana, na moyo unamwendea yeye. Wiki chache baadaye anaanza kukushauri ushushe. Wakati huo wanunuzi waliokuwa wanatafuta wameshaiona nyumba yako, wakaipita, na sasa wanajiuliza ina kasoro gani. Dalali akikutajia bei, mwombe akuonyeshe nyumba tatu zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni. Zilizouzwa, si zilizo kwenye matangazo. Akishindwa, mlipe mthamini asiye na maslahi katika mauzo akupe bei yake.

Sasa mkataba. Mama mmoja mtu mzima aliniletea wake, kurasa mbili. Dalali alikuwa amemletea mnunuzi, wakakubaliana bei, kisha benki ikamnyima yule mnunuzi mkopo. Mauzo yakafa. Baada ya siku chache dalali akaleta ankara ya kamisheni yote. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba bado yangu, fedha sijaiona, hili deni limetoka wapi?" Nikamwonyesha mstari kwenye ukurasa wa pili: kamisheni italipwa "pindi dalali atakapompata mnunuzi aliye tayari na mwenye uwezo". Hapakuwa na neno kuhusu mauzo kukamilika. Kilichomwokoa ni hilo neno "uwezo": mnunuzi aliyenyimwa mkopo na hana fedha nyingine, uwezo hana. Tuliandika barua, dalali akaachana na madai. Angekuwa na mnunuzi mwenye fedha aliyebadili mawazo tu, tungekuwa na kazi ngumu.

Basi sentensi ninayotaka uione kwenye mkataba wako ni kwamba kamisheni inadaiwa siku mauzo yanapokamilika na fedha zote zimeingia kwenye akaunti ya muuzaji. Ukikuta kitu kingine, omba kibadilishwe kabla ya kusaini. Dalali makini hatakataa.

Angalia pia kama umempa dalali mmoja peke yake, na kwa muda gani. Kumpa mmoja si kosa, hujituma zaidi akijua hakuna wa kumpokonya mteja. Ila muda uwe na mwisho, na uandike kwamba ukimpata mnunuzi mwenyewe, tuseme ndugu au jirani, hudaiwi. Na usiruke kipengele cha baada ya ukomo. Kinasema kwamba mtu aliyeletwa na dalali akinunua hata mkataba ukiwa umeisha, kamisheni bado inadaiwa kwa miezi kadhaa. Kwa haki yake ni sawa, kinamlinda asizungukwe. Hatari ni pale unapoajiri dalali wa pili, nyumba ikauzwa, na wote wawili wanadai mteja ni wao. Dawa yake ni orodha: siku mkataba unapoisha, dalali wa kwanza akupe kwa maandishi majina ya wote aliowaleta, na asiyemo humo asidaiwe.

Hati halisi usimpe, nakala inatosha. Malipo ya awali ya mnunuzi yasipite kwenye akaunti binafsi ya dalali. Yakae kwa wakili hadi mauzo yatimie.

Yule mama aliajiri dalali mwingine. Safari hii alikuja na mkataba kabla ya kusaini, tukakaa nao saa nzima, akabadilisha vipengele viwili kwa kalamu yake na dalali akaweka sahihi pembeni ya kila kimoja. Funguo alizitoa siku iliyofuata, seti moja, na akaandikiana naye kwamba amezipokea.