Simu Imeganda Kwenye Logo: Usikubali Iflashiwe Kabla Haijapimwa

Kazi inayonijia mara nyingi hapa Kariakoo ni simu inayowaka, inaonyesha jina la kampuni, halafu inabaki hapo hapo. Nyingine inakaribia kufunguka, inazima na kuanza upya, hivyo hivyo mpaka betri inaisha. Mwenyewe huwa ameshapita kwa mtu mwingine na kuambiwa, "Hii ni ya kuflashi tu." Kauli hiyo inaniuma. Kuflashi, yaani kuandika upya programu ya mfumo wa simu, kunaweza kuwa dawa, lakini kukifanywa kwa pupa ndiko kunakofuta picha za watoto na sauti za wazazi waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na hakuna fundi duniani atakayezirudisha.

Kwanza tazama inagandia wapi. Simu ya Android haiwaki kwa mkupuo. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyowekwa kiwandani ndani ya prosesa inaamka na kuiita butiloda, yaani programu ya kuanzishia mfumo. Butiloda inakagua mfumo, inapakia kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo, na kiini hicho ndicho kinachoiamsha Android yenyewe. Ile logo iliyotulia mwanzoni ni ya butiloda. Michoro inayocheza, yaani rangi zinazozunguka au jina linalometameta, huja baadaye, Android ikiwa tayari imeanza kupanda. Kwa hiyo aliyeganda kwenye picha tuli na aliyeganda kwenye picha inayocheza hawana tatizo moja. Huyu wa pili ana matumaini zaidi: bodi inafanya kazi, memori inasomeka, kinachogoma kwa kawaida ni mfumo au data. Wa kwanza anaweza kuwa na programu iliyoharibika, lakini pia anaweza kuwa na ugonjwa wa bodi.

Kabla sijagusa programu, nakagua kitufe cha kuwashia. Kikinasa kwa vumbi, au kava likikibana, simu inaona umekishikilia makusudi ili izime na kuwaka upya, basi inatii, kila baada ya sekunde chache. Naiwasha, logo ikitokea tu nachomoa mkanda wa kitufe, ule waya bapa unaokiunganisha na bodi. Ikipanda mpaka mwisho, ugonjwa umeonekana na data ya mtu haijaguswa.

Halafu betri. Betri ya simu ikijaa huwa na volti 4.2 hadi 4.4 hivi. Iliyochoka inaweza kusoma vizuri kwenye mita ikiwa imelala mezani, lakini prosesa inapoanza kazi nzito ya kuwasha, volti inaporomoka na simu inajizima. Ikiwa yako inawaka tu ikichomekwa chaji, anza kuishuku betri. Mimi naitoa, naunganisha bodi kwenye pawa saplai ya mezani, kisha nabonyeza na kutazama namba za ampia. Simu nzima huvuta umeme kwa vipindi: unapanda kidogo, unaruka, unashuka, unaruka tena, kila hatua ikidai chake. Ukipanda kidogo tu kisha namba ikasimama bila kutikisika, mara nyingi prosesa imeita memori na haijajibiwa. Na ukianza kuvutwa kabla sijabonyeza chochote, kuna shoti kwenye bodi, na hapo huwa nauliza habari za maji. Kipimo hiki ni cha dakika chache. Fundi anayekwambia "ni ya kuflashi" bila kukifanya anakisia.

Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo naingia kwenye menyu ya rikavari, ile ya kuirekebisha simu isiyopanda. Simu nyingi ni kuizima, kisha kushika kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti. Samsung za miaka ya karibuni zinataka pia ziwe zimechomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Ukiona roboti amelala na maneno "No command", shikilia cha kuwashia, gusa cha kuongeza sauti mara moja, menyu itatokea. Ukiona "Wipe cache partition", yaani kufuta mafaili ya muda, hiyo unaweza kuijaribu bila hofu, haigusi picha wala meseji. "Wipe data/factory reset" inafuta kila kitu. Maneno haya yamepangwa karibu karibu na unachagua kwa vitufe vya sauti, kwa hiyo soma mstari vizuri kabla hujathibitisha.

Iliyoganda kwenye michoro inayocheza naijaribu pia kwa hali salama: simu nyingi, ukishikilia cha kupunguza sauti michoro inapoanza, inawaka bila programu ulizopakua wewe. Ikiwaka hivyo, ujue kuna programu inayoizuia, au memori imejaa pomoni. Android inahitaji kuandika mafaili inapowaka. Simu ya GB 16 iliyoshindiliwa video za WhatsApp mpaka ukingoni inaweza kukosa hata nafasi hiyo ndogo. Unafuta video kadhaa, unaiwasha kawaida, yamekwisha.

Kuna kisa cha mwaka 2020 ambacho huwa nawasimulia wanaoamini simu haiwezi kugoma kwa jambo dogo. Picha moja nzuri ya ziwa huko Marekani, ukiiweka kama mandhari ya skrini kwenye simu nyingi za Android 10, ilizifanya zizime na kuwaka bila kikomo. Aina ya rangi zilizohifadhiwa ndani yake ilifanya hesabu ya mwangaza ivuke 255, ambayo ndiyo namba ya juu kabisa mfumo uliyoitarajia, na kila skrini ilipojaribu kuisoma mfumo ulianguka. Bodi nzima, betri nzima, kumbe ni picha. Kuna waliolazimika kufuta kila kitu kwenye simu zao.

Sasa kwa nini nashikilia sana habari ya kufuta? Zamani tuliweza kung'oa chipu ya memori, kuisoma kwenye mashine na kutoa picha. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 mafaili yanaweza kufungwa moja moja kwa funguo za siri, na simu zinazotoka kiwandani na Android 10 kuendelea ni lazima zifungwe. Funguo hizo zimeambatanishwa na prosesa ya simu hiyo hiyo na namba yako ya siri. Ukiriseti, yaani ukifanya ile "factory reset", funguo zinaharibiwa. Yaliyobaki kwenye chipu ni takataka zisizosomeka.

Na kuflashi si lazima kufute. Samsung wana faili la CSC linalofuta na la HOME_CSC linaloacha data ilivyo. Kwenye simu zenye prosesa ya MediaTek fundi anaweza kuandika upya mfumo tu na kuiacha sehemu ya data. iPhone iliyoganda kwenye tufaha, ukiichomeka kwenye kompyuta ikiwa katika hali ya rikavari, unaulizwa "Update" au "Restore". Ya kwanza inarudisha mfumo bila kugusa vitu vyako, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo daima. Kinachotakiwa ni faili la modeli ile ile hasa, si ya kufanana nayo, maana faili la modeli nyingine linaweza kuizima kabisa simu iliyokuwa imeganda tu.

Dalili moja huwa inanitosha kuacha kuflashi. Unairiseti simu, inakwambia imemaliza, inawaka, na picha zote bado zipo. Watu hufurahi, lakini hiyo ni memori iliyochoka na haikubali tena kuandikwa. Hapo nakili unachoweza haraka, kwa sababu hata kusomeka kwake hakudumu. Vivyo hivyo kwa simu inayowaka baada ya kupigwa hita, mashine ya kupuliza hewa moto, kwenye prosesa. LG walikiri Januari 2016 kwamba G4 zao zilikuwa zikigoma kuwaka kwa sababu ya miunganiko iliyolegea kwenye bodi, na joto la hita hurudisha mguso wa namna hiyo kwa muda mfupi tu. Muda huo ni wa kutoa data, si wa kumkabidhi mteja simu na kudai hela.

Ikiwa riseti haikwepeki, hakikisha kwanza unakumbuka barua pepe na neno la siri la akaunti ya Google iliyokuwa ndani. Tangu Android 5.1 simu iliyorisetiwa kupitia rikavari huidai akaunti hiyo kabla ya kufunguka.

Ukienda kwa fundi, mweleze kilichotangulia: ilianguka, iliingia maji, ilikuwa inaapdeti, au uliweka programu gani jana yake. Kisha mwambie mapema kama unachotaka ni data au ni simu yenyewe. Anayetaka simu tu naweza kummalizia mchana ule ule. Anayetaka data ataiacha, na bei itakuwa nyingine, kwa sababu nitajaribu kila njia isiyofuta kabla sijampigia kumwambia imebaki moja.