Kumhudumia mzee asiyejiweza: maswali na majibu kwa wasaidizi wa wauguzi wa Lamu

Nikiingia kwa mzee nianze na nini?

Piga hodi, hata kama mlango ni pazia tu, ungoje ukaribishwe. Toa salamu na shikamoo. Mwite kwa jina analolipenda mwenyewe, iwe Bi, Mzee, Mwalimu au Sharifu. Kama hujui, muulize. Kumwita mtu wa miaka 80 "kabibi" ni kumvunjia heshima. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kisha mwambie ulichokuja kufanya: "Bibi, nataka kukugeuza, uko tayari?" Halafu nyamaza. Aliyepata kiharusi huchelewa kujibu, na kuchelewa si kukubali.

Akikataa?

Muache, umuulize sababu, urudi baada ya dakika 15 au 20. Wazee wengi wanaoitwa wakali, hasa waliopoteza kumbukumbu, wamejaa hofu tu: mtu wasiyemkumbuka anawavua nguo. Akikataa tena, mjulishe muuguzi. Usimlazimishe.

Kwa nini tunaambiwa tumgeuze kila saa 2?

Kwa sababu mfupa unaibana nyama juu ya godoro, damu haipiti, na nyama inaanza kufa. Mara nyingi inaanzia ndani, karibu na mfupa. Kwa hiyo kidonda kikionekana juu, chini yake huenda pameharibika zaidi. Kagua kifandugu, nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo kila umgeuzapo.

Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu, huenda usiuone kabisa. Tafuta mahali palipokoza rangi kuliko pembeni, palipo pamoto au baridi, pagumu au palipolegea. Ukipaona, mwondoe mzee juu ya hapo na usipasugue wala kupakanda, maana mishipa midogo iliyokwisha kuumia itazidi kupasuka. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu iliyo nzima, lakini kidonda hakipakwi.

Ukimlaza ubavu, usimwegemeze nyonga moja kwa moja. Mweke mto mgongoni alale kwa mshazari wa kama digrii 30, mwingine baina ya magoti, na mwingine chini ya miundi ili visigino vielee. Pitisha kiganja chini ya kisigino. Kisipopita, mto haujakaa sawa. Kile kiduara cha mpira ambacho watu hununua kwa nia njema kiache, kwa kuwa kinazuia damu pembezoni mwake. Kitanda cha kamba kilicholegea nacho humzamisha mzee, basi kamba zikazwe na juu yake liwekwe godoro la sponji lililo imara.

Msimburute. Wawili mshike shuka iliyokunjwa chini yake, mwinue kidogo ndipo msogeze. Na joto la kaskazi likizidi, badilisha leso iliyolowa jasho bila kungoja zamu, ukaushe mikunjo ya ngozi. Ngozi mbichi huchunika upesi.

Nimtoeje kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu?

Weka kiti upande wake wenye nguvu, funga breki zote mbili, kunja vikanyagio. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zikiwa sakafuni, kwa dakika 1 au 2, kwa sababu akisimamishwa ghafla shinikizo la damu hushuka na atapata kizunguzungu. Mfunge mkanda wa kushikia kiunoni, juu ya nguo, ukiacha nafasi ya vidole viwili. Leso si mkanda, hufunguka. Kunja magoti yako, mgongo wima, hesabuni pamoja moja, mbili, tatu. Usimvute mkono wala kumnyanyua kwa makwapa: bega la upande uliopooza hutoka mahali pake kwa urahisi.

Akianza kuanguka usishindane na uzito wake. Mvute kifuani kwako, mteremshe taratibu juu ya paja lako hadi chini, ukilinda kichwa. Asiinuliwe mpaka muuguzi amkague.

Ngazi za nyumba zetu za mawe zina mwinuko mkali, na gari halifiki mlangoni. Kumteremsha kunataka watu 3 na kiti kigumu, uso wake ukielekea mbele: mmoja nyuma, mmoja mbele, wa tatu akiongoza. Kumhamishia chumba cha chini akae huko daima ni salama zaidi, lakini muulizeni yeye kwanza. Huko juu ndiko kwenye upepo, na ndiko anakowasikia wajukuu.

Stara wakati wa kumwogesha?

Mwanamke ahudumiwe na mwanamke akitaka hivyo, na mwanamume vivyo hivyo. Funga mlango, mfunike leso, funua kiungo kimoja kimoja. Yajaribu maji kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Anza na macho bila sabuni, sehemu za siri ziwe mwisho kwa maji mapya, ukifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Akiwa na mpira wa mkojo, mfuko wake ubaki chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, la sivyo mkojo hurudi na vijidudu. Akitaka kutawadha, msaidie papo hapo. Usipige picha, hata akiwa anatabasamu.

Na chakula?

Akae wima, kidevu kikiinama kidogo, na abaki wima dakika 30 baada ya kula. Kijiko kidogo, ungoje ameze. Miiba ya samaki itoe kwa vidole, si kwa macho. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, simamisha na uite muuguzi.

Mwenzangu anamfokea mzee, au amemfunga kitandani. Nifanye nini?

Mwondoe mzee kwenye hatari, kisha umwambie muuguzi msimamizi siku hiyo hiyo. Andika saa na ulichokiona, bila dhana. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kumwacha na nepi iliyolowa kwa makusudi ni dhuluma pia, nayo iandikwe.