Je, wajua kwa nini chaza mgeni huanza maisha sakafuni mwa tangi?

Chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna ni viumbe wa jua kali. Wawili wanaopendwa sana na wanaofuga viumbe wa bahari nyumbani ndani ya tangi la kioo, Tridacna maxima na Tridacna crocea, huishi kwenye miamba ya matumbawe yenye kina kifupi, na crocea hufika hadi ya kujichimbia shimo ndani ya jiwe lenyewe. Mchana kutwa hufungua magamba na kulitandaza joho lao la rangi, ile nyama laini inayopinda ukingoni, likaogelea kwenye mwanga. Mbona basi mfugaji mzoefu akimpata chaza wa aina hii humweka kwanza sakafuni mwa tangi, penye mwanga hafifu, badala ya kumpandisha siku hiyohiyo karibu na taa?

Ni kwa sababu hajaleta kiumbe mmoja. Ndani ya joho lile mna mirija myembamba inayotoka tumboni mwa chaza, na ndani ya mirija hiyo umejaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, uitwao zooksanthela. Chaza hazaliwi nao. Huumeza kutoka majini angali mchanga kabisa, kisha badala ya kuusaga akaufuga. Mwani hutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa. Naye huupa makazi salama, hewa ya kaboni, na amonia ya mwili wake iwe mbolea.

Hata rangi zinazotufanya tumtamani zina kazi humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba seli zinazometameta kwenye joho hufanya kama vioo vidogo: mwanga unaofaa huusambaza ndani, ukaifikia mistari ya mwani iliyopangwa wima kama nguzo, na ule usiofaa huurudisha nje. Kwa hiyo ile buluu na kijani inayokuvutia ukisimama mbele ya tangi ni sehemu ya mwanga ambao chaza hakuuhitaji.

Sasa mwani huu hujipanga kulingana na mwanga uliopo. Ukikaa mahali penye mwanga haba, huongeza rangi za kunasia mwanga ili usipoteze hata kidogo. Chaza anayekufikia ametoka kwenye mfuko uliofungwa ndani ya boksi lenye giza, na kabla ya hapo huenda alikaa siku nyingi chini ya taa dhaifu za muuzaji. Mwani wake umezoea uhaba. Ukimpandisha ghafla chini ya taa kali, mwani hunasa nishati nyingi kuliko unavyoweza kuitumia, na ziada hiyo huzalisha oksijeni ya aina yenye sumu, inayounguza seli za mwani na za chaza mwenyewe. Chaza hujiokoa kwa kuufukuza mwani. Joho linapauka, na akiufukuza mwingi anabaki na magamba mazuri na njaa. Mwanga ule anaouhitaji kuliko kitu kingine ndio unaomuumiza, kwa kuwa umemjia wote kwa mara moja.

Njia ya kawaida ni kumwacha sakafuni wiki mbili hivi, kisha kumpandisha hatua kwa hatua, akipumzishwa siku kadhaa kila anapofika ngazi mpya. Kama taa zako zinaweza kupunguzwa, mimi naona iko njia bora zaidi: mweke mapema mahali utakapomwacha daima, punguza taa, kisha ziongeze kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Matumbawe yaliyomo tangini yatavumilia. Naipendelea njia hii kwa sababu ya mguu wa chaza, na mguu ndio ninaoona watu wengi wanausahau.

Mgeuze chaza (chini ya maji, tafadhali) utazame upande wa bawaba, pale magamba mawili yanapoungana. Utaona tundu. Usiku wa kwanza au wa pili, ukiwa na subira na tochi hafifu, unaweza kuona kitu cheupe kama ulimi, ndio mguu wenyewe, kikitoka humo, kikipapasa jiwe, kikasimama mahali pamoja, kisha kikarudi ndani polepole. Kimeacha uzi. Baadaye kinatoka tena, kinaweka mwingine. Ni kazi ya kimyakimya, na nakiri sijawahi kuichoka kuitazama. Nyuzi hizo zikiganda na kuwa ngumu, chaza ameshika jiwe kama mashua iliyofungwa gatini.

Nyuzi hizo hutokea kwenye tezi iliyo ndani kabisa ya mwili. Ukimvuta chaza aliyekwisha kushika, jiwe haliachii. Kinachong'oka ni ile tezi, pamoja na nyama iliyoizunguka. Nilimpoteza chaza wangu wa kwanza hivyo. Niliona kakaa upande, nikamshika na kumzungusha kidogo tu kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, nikasikia mkwaruzo. Siku chache baadaye joho lilikuwa limelegea, magamba yamebaki wazi, na hapakuwa na la kufanya. Kama ni lazima umhamishe, pitisha wembe kati ya jiwe na gamba, ukate nyuzi karibu na jiwe. Atazitengeneza upya.

Kuna hila nyepesi inayokuepusha na hayo yote: mweke juu ya kipande cha jiwe bapa au gamba tupu la ukubwa wa kiganja, tundu likiangalia chini. Akishika hicho kipande, unamhamisha pamoja na kipande chake, naye hajui kama amehama. Kipande hicho humfaa hata chaza wa mchangani kama Tridacna derasa, kwa kuwa huuziba mguu usifikiwe na minyoo ya mchangani inayopenda kudonoa nyama iliyo wazi. Usimkandamize kati ya mawe mawili kwa kuogopa ataanguka, maana akikosa nafasi ya kufungua magamba ni sawa na kumziba pumzi. Akianguka, msimamishe tena. Na akijisogeza mwenyewe usiku kwa kujifunga ghafla na kurusha maji, amekwambia kwamba pale ulipomweka hapapendi.

Turudi nyuma kidogo, kwenye saa ya kufungua mfuko, kwa sababu hapo pia kuna jambo linalofichika. Akiwa safarini, chaza hutoa amonia na hewa ya kaboni ndani ya maji machache. Kaboni ile huyatia maji ukali wa asidi, na ndani ya maji makali amonia hugeuka kuwa aina isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko, kaboni inatoroka hewani, ukali unapungua, na amonia inarudi kuwa sumu chaza akiwa bado humo. Kwa hiyo linganisha joto kwanza, mfuko ukiwa umefungwa na unaelea tangini kwa robo saa au zaidi. Kisha fungua na upime chumvi mara moja. Tofauti ikiwa ndogo, usimkawize. Ikiwa kubwa, mdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, tone baada ya tone, kwa sababu chaza hana namna ya kuzuia chumvi ya nje isibadilishe maji ya mwili wake. Saa moja hivi hutosha kwa kawaida. Ukimwingiza tangini, mgeuzegeuze taratibu chini ya maji hadi viputo vya hewa vimtoke, na maji ya mfuko uyamwage nje.

Maji yenyewe ni yale yanayofaa matumbawe magumu: joto la nyuzi 25 hadi 27, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na tangi lililokomaa miezi kadhaa. Dawa za samaki zenye shaba ni mauti kwake. Wengine hujitahidi kuyasafisha maji hadi naitreti, mabaki ya uchafu wa samaki, ikaisha kabisa, na hapo humwonea chaza, kwa kuwa mwani wake unahitaji mbolea. Naitreti kidogo ni chakula chake. Chaza mdogo hutegemea zaidi kuchuja chakula majini kuliko mkubwa, kwa hiyo aliye chini ya sentimita tano namwongezea mwani wa chupa mara chache kwa wiki. Mkubwa hupata chembe za kumtosha pale samaki wanapolishwa.

Utajuaje kama anatulia? Yaulize macho yake, maana anayo, mamia, yamepangwa ukingoni mwa joho. Hayana lenzi, kila moja ni kitundu tu kinachopitisha mwanga, lakini hutosha kutambua kivuli kinachopita. Pitisha kiganja juu ya tangi: chaza mwenye afya atashtuka na kuvuta joho ndani mara moja, kisha atalifungua tena. Mara moja kwa siku inatosha, kwa sababu kila anapojifunga mwani wake unakosa mwanga.

Siku mbili za mwanzo akifungua nusu tu, usiwe na wasiwasi. Kinachotisha ni lile tundu kubwa la kuingizia maji kuachama hadi unaona matamvua ndani, huku joho likiwa limerudi nyuma na kivuli hakimshtui. Hapo pima maji kwanza, kisha tazama samaki. Samaki-malaika na samaki-vipepeo hudonoa joho, wakati mwingine pale tu unapotoka chumbani, kwa hiyo kaa mbali na uchungulie. Mkondo wa pampu nao usimpige moja kwa moja. Joho linatakiwa lipepee, lisikunjwe.

Ukaguzi mmoja usiuache: saa mbili baada ya taa kuzimwa, mulika ukingo wa magamba na eneo la tundu la mguu. Konokono weupe wadogo kama punje za mchele, waliojipanga pale gamba linapokutana na nyama, ni wanyonyaji. Wachache humdhoofisha chaza, na huzaliana upesi. Watoe mmoja mmoja kwa mswaki laini, utafute na mayai yao yaliyogandamana kama utelezi juu ya gamba, na urudie usiku kadhaa mfululizo.

Kama bado hujanunua, chagua aliyezalishwa shambani. Chaza hawa wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuwavusha mipaka ya nchi kunahitaji kibali. Tena yule aliyechimbuliwa mwambani huweza kufika kwako mguu umekwisha kujeruhiwa, na jeraha hilo hulioni dukani. Uliza pia atakua kiasi gani: crocea huishia karibu na sentimita 15, derasa huvuka 50.

Baada ya mwezi au miwili, inama utazame ukingo wa juu wa gamba. Gamba la zamani huwa limechakaa, lina vumbi la mwani na madoa. Ukiona juu yake utepe mpya, mweupe safi, mwembamba kama ukucha, umelitangulia joho, huyo amehamia.