Mkebe, brashi na maneno ya watu

"Hiyo si kamera, ni mkebe." Nimeambiwa hivyo mara nyingi ufukweni Dunga, hapa Kisumu. Kweli ni mkebe, tena wa maziwa ya unga. Ila picha haihitaji lenzi. Tangu zama za Ibn al-Haytham, mwanasayansi aliyechunguza mwanga karibu miaka 1,000 iliyopita, ilijulikana kuwa tundu dogo linatosha.

Wengine, hata mafundi, hushikilia kwamba tundu likizidi kuwa dogo ndipo picha hutoka safi. Ni kweli, lakini hadi kiasi. Ukipitiliza, mwanga hutawanyika ukingoni na kila kitu huwa na ukungu. Mkebe wangu una kina cha sentimita 10, nao hutaka tundu la milimita 0.4 hivi. Nalitoboa kwenye bati la kopo la soda kwa ncha ya sindano, kisha napiga msasa hadi kidole kisihisi ukwaru.

Karatasi ya picha ndani ya mkebe hunywa mwanga polepole: jua la saa saba, kama dakika moja. Mitumbwi iliyofungwa huonekana yote. Mvuvi aliyepita na ndoo hayupo. "Kamera mbovu!" Mbovu wapi, na yeye hakusimama?

Pengo hilo nalijaza kwa brashi, na hapo naambiwa naficha makosa. Kabla ya filamu za rangi kuenea, wapiga-picha walipaka mashavu na nguo za wateja kwa mkono. Miroslav Tichý wa Jamhuri ya Cheki, mchoraji aliyesomea Praha, alijiundia kamera kwa kadibodi na makopo, kisha akakazia mistari ya picha kwa penseli. (Aliwapiga picha wanawake bila wao kujua. Hilo simsifu.)

Wala si kila rangi hushika kila karatasi. Juu ya karatasi ya picha iliyopakwa plastiki, rangi ya maji hujikunja matone kama juu ya jani la nduma. Kwa hiyo naibana negativu, yaani ile picha ya mkebe ambayo weupe na weusi wake umegeuzwa, chini ya kioo, juu ya karatasi ya kuchorea niliyoipaka chumvi za chuma, naianika juani, kisha naisuuza kwa maji. Hutoka buluu. Buluu hiyo nayo huguswa: magadi huifubaza, majani ya chai huielekeza kwenye weusi.

Juzi niliichovya sehemu ya ziwa tu kwenye chai iliyokolea. Anga nikaliacha buluu. Mvuvi nikamrudisha kwa koti la mvua la manjano, na ndoo yake.