Je, wajua kwa nini jiko la peleti, yaani jiko la kupasha nyumba joto kwa vijiti vya unga wa mbao, hutaka kusafishwa kila siku ilhali majivu yake ni machache?

Mfuko wa peleti unaouzwa Ulaya kwa kawaida huwa na kilo 15, na ukiwa na alama ya ubora ya ENplus ya daraja la A1, majivu yake hayapaswi kuzidi asilimia 0.7 ya uzito. Mfuko mzima ukiteketea, basi, hubakiza gramu 105 za majivu kwa kiwango cha juu kabisa. Anayeiona hesabu hiyo hufikia uamuzi unaoonekana wa busara: kwa kuwa droo ya majivu ina nafasi ya kupokea mabaki ya mifuko mingi, jiko litasafishwa droo itakapokaribia kujaa. Uamuzi huo ndio chanzo cha vioo vya mlango vyeusi, vyumba visivyopata joto na simu wanazopigiwa mafundi katikati ya Januari. Majivu ni machache kweli, lakini jiko la peleti halizimwi na wingi wa majivu.

Peleti ni unga wa mbao uliokaushwa na kushindiliwa kwa nguvu hadi ukawa vijiti vifupi vyenye kipenyo cha milimita 6 au 8, navyo hushikamana kwa lignini, gundi ya asili ya mti wenyewe, inayolainika kwa joto la mashine. Jiko la nyumbani la kuchoma peleti lilianza kutengenezwa katika jimbo la Washington, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anayetajwa zaidi katika historia yake ni Jerry Whitfield, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Boeing. Leo Italia ni miongoni mwa nchi zenye majiko mengi zaidi ya aina hii, na Waswahili wanaoishi kaskazini mwa nchi hiyo au katika majimbo ya New England, Marekani, huyakuta yamekwishafungwa sebuleni. Nchini Rwanda peleti zimewahi kusambazwa kwa ajili ya majiko madogo ya kupikia yenye feni, ila makala haya yanahusu jiko la kupasha nyumba joto.

Sehemu zinazohusika si nyingi. Juu kuna tangi la peleti, na chini ya tangi kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota ndogo, ambayo husukuma peleti chache chache hadi zidondoke ndani ya kikombe cha chuma kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja. Kikombe hicho kimetobolewa matundu madogo kitakoni na ubavuni, na humo ndimo inamopenya hewa ya kuunguzia. Katika majiko mengi hewa hiyo haisukumwi, huvutwa: feni iliyo upande wa bomba la moshi hunyonya moshi kutoka chumba cha moto na kuutupa nje, na nafasi inayoachwa hujazwa na hewa inayoingia kupitia matundu. Feni nyingine, isiyogusana na moto kabisa, hupitisha hewa ya sebuleni kando ya mabomba yaliyopashwa joto na kuirudisha chumbani.

Anayelijua jiko la mkaa anaijua nusu ya jambo hili. Hewa huingia kwa mlango mdogo wa chini, hupanda kupitia matundu ya udongo na kuyakuta makaa. Majivu yakiziba matundu hayo, makaa hufifia. Mpishi hulitikisa jiko au huchokoa kwa kijiti, majivu huanguka, na makaa hurudia wekundu wake. Hakuna mpishi anayesubiri sehemu ya chini ijae ndipo achokoe, kwa sababu anafahamu kwamba kijiko kimoja cha majivu kilichokaa juu ya matundu kina madhara kuliko bakuli zima lililokwisha kuanguka chini. Majivu yaliyo kwenye droo ya jiko la peleti ni kama hayo yaliyokwisha kuanguka: hayamdhuru mtu. Yenye kuleta shida ni yale yaliyobaki ndani ya kikombe, ambayo mtu hayaoni mpaka apige magoti, afungue mlango na kumulika kwa tochi.

Nusu ya pili ndiyo inayolitenga jiko la peleti na jiko la mkaa. Mkaa uliokosa hewa husubiri: huwaka polepole, hudumu zaidi, na hakuna kinachoongezwa juu yake mpaka mpishi aamue. Parafujo haisubiri. Katika majiko mengi huzunguka kwa sekunde chache na kutulia kwa sekunde chache, kwa ratiba inayolingana na kiwango cha joto kilichochaguliwa, bila kujua kama matundu yako wazi au yamezibwa nusu. Kuni huendelea kuja kwa kiasi kilekile ilhali hewa imepungua. Peleti ambazo zingeteketea zote hubaki na kiini cheusi. Moshi ambao ungeungua juu ya kikombe hupita bila kuungua na kugeuka masizi. Peleti mpya hudondoka juu ya zile ambazo hazijamalizika, rundo huinuka, na rundo hilo nalo huziba matundu yaliyokuwa yamesalimika. Safu nyembamba ya majivu iliyoonekana haina maana asubuhi inaweza kuwa imelifanya jiko lisongwe kabisa ifikapo jioni. Kwa kawaida mwisho wake ni kitambuzi cha shinikizo kugundua kwamba mvuto wa hewa hautoshi na kuisimamisha parafujo, na kwenye skrini ndogo ya kuongozea jiko hutokea namba ya hitilafu ambayo mwenye nyumba huidhania kuwa ni kuharibika kwa umeme.

Dalili huonekana mapema kwa anayetazama mwali. Moto wenye hewa ya kutosha huwa mfupi, wenye kung'aa kwa njano inayokaribia weupe, na huruka kwa kasi huku chembe zinazowaka zikirushwa kutoka kikombeni. Moto uliokosa hewa hurefuka, huwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, huyumba kwa uvivu, na ncha zake huwa na weusi wa moshi.

Hapa ndipo kioo cheusi kinapohukumiwa vibaya. Kioo kikiwa cheusi, shutuma ya kwanza humwangukia muuza peleti, eti kauza zenye unyevu. Huenda ni kweli, maana peleti nzuri hazipaswi kuwa na unyevu unaozidi asilimia 10, na zilizohifadhiwa kwenye banda linalovuja huwaka kwa shida. Hata hivyo, kikombe kilichoziba na kamba ya kuzibia kingo za mlango iliyochoka huleta weusi uleule, na kukagua hivyo viwili hakugharimu kitu. Vumbi jepesi la kijivu kwenye kioo ni la kawaida hata katika jiko lenye afya. Weusi wa masizi, hasa ukirudi saa chache baada ya kufutwa, ni habari ya hewa kwanza, na ya kuni baadaye.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba jiko likiwashwa kwa kiwango cha chini mchana kutwa halitachafuka sana, kwa kuwa linachoma kidogo. Kwa kila kilo ya peleti, mara nyingi mambo huwa kinyume. Katika kiwango cha chini, feni ya moshi huzunguka polepole, chumba cha moto hupoa, majivu mepesi hayana nguvu ya kuyainua kutoka kikombeni, na masizi hupata kioo na kuta zilizopoa za kujishikiza. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri jiko lipewe kipindi cha moto mkali kila siku, ingawa muda wake hutofautiana kwa kila jiko na kitabu chake cha maelekezo ndicho cha kufuatwa. Majiko mapya yenye kitako kinachojifungua na kumwaga majivu chenyewe hurefusha muda kati ya usafi mmoja na mwingine, lakini hayaufuti.

Kuna majivu yasiyokubali kuchokolewa kwa urahisi. Silika, ambayo ndiyo kiini cha mchanga, ikiwa peke yake huyeyuka kwa takribani nyuzi 1,700 za Selsiasi, joto ambalo jiko la nyumbani haliwezi kulifikia. Ila mti una potasiamu, na potasiamu ikichanganyika na silika hushusha kiwango cha kuyeyuka hadi chini ya nyuzi 1,000, ambazo moto wa kikombeni huzifikia. Peleti zilizosagwa pamoja na magome au mchanga ulioganda kwenye gogo huacha majivu yanayolainika, kunata na kuganda kama kifuniko kigumu cha kijivu juu ya matundu. Watengeneza vioo wa Ulaya ya zama za kati walichanganya mchanga na majivu ya miti kwa kusudi hilohilo la kushusha kiwango cha kuyeyuka, kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba jiko la namna hiyo linatengeneza kioo, tena kibaya. Bonge hilo hukwanguliwa kwa chuma jiko likiwa limepoa, na matundu huzibuliwa moja moja. Likijirudia kila siku hata baada ya usafi, hapo ndipo inapofaa kubadilisha aina ya peleti.

Kwa utaratibu wa nyumbani, kukwangua kikombe kila siku, au kila mfuko mmoja au miwili, kunatosha kwa peleti za daraja la juu. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Droo, kioo na vikwangulio vya mabomba ya joto vinaweza kungoja takribani wiki moja, kwa kuwa majivu yanayotanda juu ya mabomba huzuia joto tu, hayasongi moto. Kioo husafishika vizuri kwa karatasi yenye unyevu iliyochovywa katika majivu yenyewe, jambo lisilomshangaza aliyekulia katika nyumba ambamo sufuria zilisuguliwa kwa majivu: chumvi za potasiamu zilizomo hulainisha masizi. Kioo kiwe kimepoa kabisa.

Kupoa huko kunahusu zaidi mashine ya kufyonza vumbi. Ya kawaida haifai hata kidogo, kwanza kwa sababu majivu laini hupenya kichujio na kurudi hewani au kuingia kwenye mota, na pili kwa sababu kaa dogo lililojificha ndani ya majivu hubaki hai kwa muda mrefu, na likifyonzwa huwashwa upya na upepo wa mashine hiyo. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa majivu, nazo pia hutaka majivu baridi. Majivu yaliyotolewa hukaa siku kadhaa nje, mbali na kuta za mbao, katika ndoo ya chuma yenye kifuniko.

Bomba la moshi ni la mara moja kwa mwaka, au zaidi kwa wanaochoma sana. Majivu mepesi yanayobebwa na moshi hutua pale moshi unapopunguza mwendo au kupinda, yaani kwenye kona na sehemu za mlalo, na huko hubana hewa ileile inayohitajika kikombeni. Baadhi ya Wamarekani huuunganisha mdomo wa bomba, kwa nje, na mashine ya kupulizia majani ya bustanini iliyogeuzwa kunyonya, na wingu la kijivu linalotoka huwafurahisha mno. Njia hiyo hutoa majivu mengi, lakini haioni bawaba iliyolegea wala kiungo kinachovuja moshi wenye gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, kwa hiyo haichukui nafasi ya fundi.

Wakati wa kumwita fundi huyo nao umezoeleka vibaya. Wengi humwita Oktoba, kabla ya baridi. Jiko huumia zaidi likikaa chafu kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa kuwa majivu hufyonza unyevu wa hewa na kuwa uji wa magadi unaokula chuma cha kikombe na cha feni. Usafi mkubwa ufanyike baada ya moto wa mwisho wa majira ya kuchipua, tangi litolewe peleti zote pamoja na unga uliojikusanya chini, maana peleti zikipata unyevu huvimba na kukwamisha parafujo. Kamba ya mlango hupimwa wakati huohuo kwa ukanda wa karatasi: mlango ukifungwa juu yake na karatasi ikavutika bila ukinzani wowote, kamba ibadilishwe, kisha kipimo kirudiwe pande zote nne.