Kikohozi kinachotoka kwenye vali ya moyo

"Ana homa, amekonda, anakohoa damu: hiyo ni TB." Huenda ni kweli, na makohozi lazima yapimwe. Ila dalili hizo hizo huletwa pia na bakteria waliovamia vali, yaani mlango mdogo wa kupitishia damu, ya upande wa kulia wa moyo. Mara nyingi ni stafilokokasi, wale wanaoishi kwenye ngozi. Hujikusanya pamoja na damu iliyoganda, wakafanya vinundu laini vinavyoning'inia kwenye vali, na moyo ukipiga kipande huweza kukatika. Damu ya upande huo huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Huko kipande huziba mshipa, nyama ya pafu ikafa, usaha ukatunga. Eksirei huonyesha madoa ya mviringo kandokando ya mapafu yote mawili, mengine yana shimo katikati, na ni rahisi sana kudhani ni TB.

"Ni ugonjwa wa mateja." Wanaojidunga heroini wako hatarini kweli, na wanastahili matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011. Dawa hiyo hunywewa, sindano ikawekwa kando. Lakini bakteria hupitia pia kwenye mpira wa kusafishia damu wa mgonjwa wa figo, au kwenye nyaya za kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

"Moyo ungekuwa na shida, daktari angesikia." Si lazima. Upande wa kulia shinikizo ni dogo, na mlio wa vali iliyoharibika unaweza usisikike kabisa. Ultrasaundi ya moyo ndiyo inayoonyesha vinundu.

"Homa imeshuka, turudi nyumbani." Kauli hii inaniuma kuliko zote. Bakteria hujificha ndani ya vinundu ambako dawa hupenya kwa shida, ndiyo maana antibiotiki hupitishwa mshipani kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Dozi ikikatizwa, homa hurudi na mapafu huendelea kuharibika. Jipu la pafu likipasuka, usaha au hewa humwagika kifuani: maumivu ya ghafla, pumzi haitoshi. Hapo ni kukimbilia hospitali.

Mwenye homa na kikohozi aliyewahi kujidunga, au aliye na mpira mshipani, amwambie daktari mapema. Damu ya kuotesha bakteria maabara, ili wajulikane, ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, kwa kawaida mara 3, kila mara kwa kuchoma sehemu tofauti.