Kupima mng'ao wa mlipuko wa gama: makosa mawili yanayoharibu mteremko

Mawingu ya ziwani yakitanda Kisumu jioni, kazi ya kupima mlipuko wa gama, yaani mmweko mfupi wa miali ya gama kutoka mbali angani, haisimami. Miali ya gama haipenyi angahewa hata anga ikiwa nyeupe, ndiyo maana vipokezi vyake viko kwenye setilaiti. Takwimu za Swift, setilaiti ya kuwinda milipuko hiyo iliyorushwa Novemba 2004, ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na kituo cha Malindi ndicho kilichopangiwa kuzipokea kutoka angani.

Kipokezi chake cha miali ya gama, BAT, hugundua mlipuko, kisha setilaiti hujigeuza yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika moja na nusu, ili darubini ya eksirei, XRT, itazame mng'ao unaobaki. Mng'ao huo hufifia kwa kipeo kinachokaribia -1.2: muda ukiongezeka mara 10, nguvu hupungua karibu mara 16. Kipeo hicho ndicho mteremko wa grafu ya nguvu dhidi ya muda kwa mizani ya logi, na ndio tunaoutafuta.

Kosa la kwanza ni saa sifuri, yaani wakati unaoanzia kuhesabu. Tarehe 9 Oktoba 2022, setilaiti nyingine, Fermi, iliuona mlipuko GRB 221009A saa kumi na dakika 17 jioni kwa saa za Kenya. Dunia ilikuwa imeiziba Swift, kwa hiyo BAT ilishtuka saa kumi na moja na dakika 10, tena kwa mng'ao unaobaki, si kwa mlipuko wenyewe. Ukihesabu kutoka hapo, kipimo cha "saa moja" kimechukuliwa karibu saa mbili baada ya mlipuko, na mteremko wa mwanzo utaonekana umelala. Siku ya pili tofauti hiyo haina uzito.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulibaini. Katika hali ya kuhesabu fotoni (chembe za mwanga), XRT husoma picha kila sekunde 2.5. Chanzo kikizidi takriban fotoni 0.6 kwa sekunde, mbili huangukia pikseli jirani kabla ya kusomwa, zikahesabiwa moja yenye nishati ya zote mbili, au zikatupwa kabisa. Idadi inashuka na spektra, yaani mgawanyo wa nishati za fotoni, inaonekana kali (yenye nishati kubwa) kuliko ilivyo. Ukikuza picha, katikati ya chanzo angavu sana pana shimo. Usilichukulie kama umbo la chanzo!

Kata duara dogo la katikati, tumia pete iliyobaki, na usahihishe kwa sehemu uliyoiondoa. Kisha panua duara pikseli mojamoja, ukipima spektra kila mara, hadi kipeo cha spektra hiyo kiache kubadilika.